Maji ya Chemchemi Yatoka Wapi?

Katika vilima vya Masisi na katika misitu ya Walikale, jamaa nyingi hunywa maji ya chemchemi. Maji hayo hububujika chini ya jiwe, ya baridi na maangavu, na watu huyasifu kuwa ni safi kwa kuwa macho hayaoni uchafu ndani yake. Lakini ni wachache wanaojiuliza yalipita wapi kabla ya kufika pale. Swali hili si la udadisi mtupu. Anywaye maji hunywa pia yale ambayo maji yameyachukua njiani. Tukitaka kuilinda chemchemi, hatuna budi kujua mahali mvua yake iliponyesha, na muda iliotumia chini ya ardhi.

Jiwe lenye matundu

Mahali penye mchanga au udongo mwembamba, maji ya mvua hushuka polepole, na ardhi huyachuja kama mama achujavyo pombe au asali. Katika nchi ya mawe ya chokaa mambo ni mengine. Mvua huchukua hewa ya kaboni angani na zaidi udongoni, ikawa na ukali kidogo. Ukali huo huyeyusha chokaa, mwaka baada ya mwaka, hata ufa mdogo ukawa mfereji, na mfereji ukawa pango. Huko, kijito chaweza kuzama shimoni na kutokea tena mbali sana, bila kuchujwa hata kidogo.

Mapango ya namna hiyo yako karibu nasi. Mlima Hoyo, katika Ituri, una mapango mengi ya chokaa. Na katika Tanzania yanajulikana sana yale ya Amboni, karibu na Tanga. Sehemu kubwa ya Masisi na Walikale haina chokaa, bali mawe ya kale yaliyo magumu. Na upande wa volkano kuna lava. Hata hivyo, mawe magumu nayo yana nyufa, na lava ina matundu mengi. Kwa hiyo fundisho la mapango latuhusu sisi pia.

Alama ndani ya maji yenyewe

Wataalamu hufuataje maji ambayo hakuna ayaonaye? Pengine hutia rangi katika kijito kinachozama, kisha wakangoja rangi itokee. Lakini iko njia nyingine, isiyohitaji kutia kitu chochote, kwa sababu Muumba ameyawekea maji alama tangu mwanzo.

Kila mwanafunzi ajua kwamba maji ni haidrojeni na oksijeni. Atomi za oksijeni si zote zenye uzito mmoja. Katika kila atomi 1,000, kama 2 hivi ni nzito kuliko zile nyingi za kawaida. Haidrojeni nayo ina ndugu yake mzito, deuteri, aliyegunduliwa na Mmarekani Harold Urey mwaka 1931. Kwa kazi hiyo alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1934. Katika atomi milioni moja za haidrojeni, 150 hivi tu ndizo nzito. Ndugu hao wa namna moja, wanaotofautiana kwa uzito, huitwa isotopu. Hizi tunazozisema ni isotopu tulivu: hazioozi, hazitoi miali, wala hazimdhuru anywaye.

Mvua ya mlimani na mvua ya bondeni

Wingu lipandapo mlimani hupoa na kunyesha, na maji mazito hutangulia kuanguka. Yabakiayo winguni ni mepesi zaidi. Ndiyo maana mvua ya juu ni nyepesi kuliko ya chini: mara nyingi, kwa kila mita 100 za kupanda, kiasi cha oksijeni nzito hupungua kwa sehemu 2 au 3 katika 10,000. Mizani ya nyumbani haiwezi kupima tofauti hiyo, lakini mashine za maabara zaweza.

Tuifikirie nchi yetu. Vilima vingi vya Masisi vimepita mita 2,000, na mji wa Walikale uko chini ya mita 1,000. Chemchemi ya Walikale ikionekana kuwa na maji mepesi kuliko mvua ya hapo, yafaa kushuku kwamba maji yake yalinyesha juu, mbali na macho ya wanaoyanywa. Lakini mvua hubadilika pia kwa majira. Basi ni lazima kukusanya mvua ya miezi mingi, mahali pa juu na pa chini, kabla ya kutoa hukumu. Kwa ajili hiyo Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomi, pamoja na Shirika la Hali ya Hewa Duniani, yamekuwa yakipima mvua ya nchi nyingi tangu mwanzo wa miaka ya 1960. Entebbe, katika Uganda, ni mojawapo ya mahali hapo.

Mfano ulio wazi ni wa Ziwa Chala, chini ya Kilimanjaro, mpakani mwa Kenya na Tanzania. Upande wa Taveta kuna chemchemi kubwa, na kulikuwa na swali kama ziwa ndilo linalozilisha. Jua hukausha maji ya ziwa, na yaliyo mepesi huondoka kwanza. Kwa hiyo maji yabakiayo huwa mazito, nayo yana alama yao. Mtaalamu B. R. Payne alipolinganisha maji hayo, katika kazi iliyochapishwa mwaka 1970, aliona kwamba chemchemi hazikuwa na alama ya ziwa. Sehemu kubwa ya maji yake haikutoka Chala. Pale mawe ni ya volkano, lakini njia ni ile ile itumikayo kwenye chokaa.

Chemchemi ibadilikayo

Kuna jambo la pili ambalo isotopu hulifunua. Wataalamu huchota maji ya chemchemi moja mara nyingi, katika masika na katika kiangazi, wakijaza chupa mpaka juu na kuifunga sana ili jua lisiibe maji mepesi. Alama ikikaa ile ile mwaka mzima, maji yamechanganyika katika ghala kubwa chini ya ardhi na kukaa humo muda mrefu. Alama ikiyumba kwa kila mvua kubwa, maji yanapita mbio katika nyufa. Chemchemi ya namna hii ni ya hatari, kwa kuwa uchafu uliotupwa juu leo waweza kufika mtungini upesi.

Yatupasa kufanya nini?

Isotopu hazionyeshi vijidudu vya kipindupindu wala vya homa ya matumbo. Huonyesha asili ya maji. Usafi wake hupimwa kwa njia nyingine. Watu wa Kivu hawakusahau Julai 1994, kipindupindu kilipowaua maelfu ya wakimbizi karibu na Goma, juu ya ardhi ya lava ambamo kuchimba vyoo ni kazi ngumu. Kanuni ijulikanayo yasema choo kiwe mbali na maji kwa mita 30 au zaidi. Penye chokaa au mawe yenye nyufa, umbali huo hautoshi. Tusitupe mizoga wala takataka katika mashimo yamezayo maji. Tuzungushe ua kwenye chemchemi, tuhifadhi miti ya juu yake, na maji ya kunywa tuyachemshe mpaka yatokote. Aishiye juu mlimani ameshika afya ya jirani yake wa bondeni, hata kama hawajaonana kamwe. Amri ya kumpenda jirani hupita chini ya ardhi pia.

Mashine za kupima isotopu ni ghali, na wengi wetu hatutaziona. Lakini wanafunzi waweza kuanza kwa daftari na kalamu. Kila asubuhi waandike kama mvua ilinyesha, kama maji ya chemchemi ni maangavu au yana tope, na kama yameongezeka au kupungua. Baada ya miezi michache daftari hilo litasema. Ikiwa maji huchafuka saa chache baada ya kila mvua, wasingoje mtu augue: walipeleke kwa kamati ya maji na kwa mganga wa kituo cha afya.