Neno "Kuazima" na Hesabu ya Marejeo katika Programu

Makala haya yakusudia kuchungua istilahi moja ambayo, ikitumiwa ovyo, humpoteza mwanafunzi wa programu. Lugha ya Python ilitolewa na Guido van Rossum mwaka 1991, na programu inayoitekeleza, CPython, imeandikwa kwa lugha ya C. Kila kitu kilichomo ndani yake hubeba hesabu ya marejeo, yaani idadi ya wanaokishika. Hesabu ikifika sifuri, kitu huharibiwa na nafasi yake katika kumbukumbu hurudishwa. Aandikaye kwa Python peke yake haishughulikii hesabu hiyo. Bali aandikaye nyongeza kwa C hana budi kuitunza mwenyewe: Py_INCREF huongeza moja, Py_DECREF hupunguza moja.

Basi tumfikirie mfugaji wa Tarime aliyeweka ng'ombe wake kwa rafikiye huko Mugumu, wilaya ya Serengeti. Rafiki hunywa maziwa, lakini hana ruhusa ya kumwuza. Ndivyo ilivyo PyList_GetItem: hukupa kitu kilichomo katika orodha pasipo kuongeza hesabu. Waweza kukitumia, wala huna haki ya kupunguza hesabu. Ukipunguza, umeuza ng'ombe wa mwenyewe. Kinyume chake, PyObject_GetAttr hukupa rejeo lililo milki yako, nawe ukisahau kuliachilia, kitu hakifi na kumbukumbu hujaa bure. Na PyList_SetItem hulichukua rejeo lako likawa la orodha. Tangu hapo si juu yako kuliachilia.

Je, tuseme "kukopa" au "kuazima"? Akopaye fedha hulipa fedha nyingine za kadiri ile ile. Aazimaye jembe hurudisha jembe lile lile. Rejeo ni la kitu kile kile, kwa hiyo kuazima ndiko kufaako. Wengine watapenda "amana", lakini amana imo mikononi mwa mtunzaji, na rejeo hili halina ulinzi huo. Orodha ikibadilishwa nawe ungali unakitumia kitu, chaweza kuharibiwa papo hapo: ni kama mwenye ng'ombe kuja usiku kumchukua, ukabaki na kamba mkononi. Dawa ni kuongeza hesabu mara upatapo kitu, na kuipunguza umalizapo. Au kutumia PyList_GetItemRef, iliyoingizwa katika toleo la 3.13 la mwaka 2024, ambayo hukupa rejeo la milki.

Hata hivyo, "kuazima" kuna kasoro: hutumika kwa atoaye na kwa apokeaye pia. Mwongozo ukisema tu "orodha imeazima kitu", msomaji hajui ni nani mwenye mali, na hapo ndipo kosa huzaliwa. Kwa hiyo napendekeza istilahi mbili, "rejeo la kuazima" na "rejeo la milki", na kihusishi "kwa" kisiachwe kamwe: "umeazima kitu kwa orodha". Neno dogo hilo ndilo limtambulishalo mwenye ng'ombe.