Swala Anayelala Majini

Mara ya kwanza nilipofika Biharamulo, mzee mmoja wa kando ya Ziwa Burigi aliniambia kwamba kwenye mafunjo yao kuna swala anayelala majini. Akifukuzwa, alisema, hakimbilii porini kama wenzake. Anaingia ziwani, anazama mpaka ibaki pua tu, na mwindaji anampita pale pale asimwone. Kwato zake ni ndefu na zimepanuka kama vidole vya mtu, ndiyo maana hadidimii kwenye matope. Vijana wawili wa bodaboda waliokuwa wakisubiri abiria walinitazama usoni. Nikacheka. "Mzee wangu, hiyo chai!" Nao wakacheka, ila walikuwa wakinicheka mimi.

Mzee alikuwa anamzungumzia nzohe, ndugu wa pongo na tandala. Yupo, na kila alichosema juu yake ni kweli. Nilijiona nimemkosea adabu mtu mzima, na aibu ile ndiyo iliyonifanya nianze kuzifuatilia hadithi wanazopewa wageni.

Popote penye wageni, wenyeji wana hadithi ya kuwapokelea. Shuleni kwetu njuka alitumwa kwa kiranja kuchukua ufunguo wa uwanja wa mpira, akaenda. Australia mgeni huonywa juu ya dubu anayewadondokea watu kutoka mtini. Marekani hupelekwa porini usiku na gunia, akaambiwa amngoje ndege aingie mwenyewe, kisha wenyeji wanarudi kulala. Ndege anayengojwa ni sululu, na sululu yupo kweli duniani; ni gunia ndilo la uongo. Hadithi za namna hii hazijengwi hewani. Huanza na kitu kilichopo, halafu chumvi ikaongezwa kidogo kidogo, na msimulizi hodari hatabasamu wala hapandishi sauti anapovuka kutoka kwenye kweli kuingia kwenye chumvi. Karibu yake sharti awepo wa pili, wa kuitikia tu: "Ni kweli, hata mjomba alimwona."

Nchi hii ya Ngara na Biharamulo imepokea wageni kwa muda mrefu. Usui, nchi ya Wasubi, ilikuwa kwenye njia ya misafara ya kwenda Karagwe na Buganda. Novemba 1861 Waingereza wawili, Speke na Grant, walikawishwa hapo wakitozwa hongo, na mtawala Suwarora hakukubali kuonana nao. Tarehe 25 mwezi huo wakafika kwa Rumanika, mfalme wa Karagwe, ambaye Speke anasema aliwasalimu kwa Kiswahili kizuri. Rumanika alimweleza mambo ya Rwanda. Huko, alisema, kuna watu wafupi wanaoishi mitini; usiku hushuka, husikiliza mlangoni mpaka wasikie jina la mtu wa ndani, kisha humwita kwa jina hilo na kumchoma mshale wa moyo. Tena kuna madubwana yasiyoweza kusema na watu, yanayojitokeza wanawake wakipita tu, yakawakumbatia mpaka wafe.

Speke aliyaandika yote mawili katika kitabu kilichotoka Uingereza mwaka 1863. Tuyachambue. Wale watu wafupi wapo; ni Watwa, watu wenye nyumba na jamaa zao, na hadithi ya mitini iliwadhalilisha. Hapo utani umevuka mpaka, na sioni haya kusema hivyo. Madubwana nayo yana mzizi. Tarehe 17 Oktoba 1902, kwenye mlima Sabinyo, mpakani mwa Rwanda, ofisa Mjerumani Robert von Beringe aliwapiga risasi gorila wawili, na wataalamu wa Ulaya wakatambua kwamba gorila wanaishi mpaka kwenye milima ile ya volkano. Kukumbatia wanawake ni chumvi. Mnyama mkubwa mweusi mwenye umbo la kukaribia la mtu, huyo hakuwa chumvi.

Huko huko Karagwe Speke alipata na nzohe, akamchapisha picha kitabuni, na hata leo jina la kitaalamu la mnyama huyo, Tragelaphus spekii, ni la mgeni yule. Zoolojia ikamkubali nzohe mara moja kwa sababu ngozi na pembe zilionekana. Gorila wa milimani alingoja miaka arobaini, kwa sababu habari zake zilikuja kwa mdomo tu, tena zimechanganywa na mengine.

Nilirudi kwa yule mzee siku ya tatu. Baada ya shikamoo nilimwomba radhi, kisha nikampa ya kwetu pwani: kwamba baharini kuna mnyama mnene anayekula majani, anaitwa nguva, naye humnyonyesha mwanawe. Hakucheka. Alikaa kimya kidogo, akauliza, "Maziwa yake yako wapi?"

Nikamwambia: mawili, moja kila upande, kwapani, nyuma ya pezi.

"Na mtoto anapumuaje akinyonya?"