Ujanja Si Akili

Katika mwaka 2005 ilitolewa Marekani sinema ya mambo ya kweli, iliyotengenezwa na Alex Gibney, kueleza kuanguka kwa kampuni ya Enron ya mji wa Houston. Jina lake, tukilifasiri, ni kama kusema "werevu kuliko wote waliomo chumbani." Miaka mingi imepita, na hata leo aitazamaye hawezi kunyamaza. Hayo yasemwayo na watazamaji ndiyo tutakayo kuyapima hapa.

Kwa asiyezisikia, habari zenyewe kwa ufupi ni hizi. Enron ilifanya biashara ya gesi na umeme. Ilipotia saini mkataba wa miaka mingi, iliandika vitabuni mara moja faida yote iliyotumaini kuipata katika miaka hiyo, kana kwamba fedha zimekwisha ingia mkononi. Madeni nayo yakafichwa katika vikampuni vilivyoundwa na mkuu wa fedha, Andrew Fastow. Hisa moja ilifika kiasi cha dola 90 katika Agosti 2000. Tarehe 2 Desemba 2001 kampuni ikajitangaza muflisi.

Hasira ya kwanza ya watazamaji huwaelekea wakubwa, Kenneth Lay na Jeffrey Skilling, nayo ni hasira ya haki. Wakubwa waliuza hisa zao kwa mamilioni ya dola, na watumishi wakahimizwa wazishike zao. Yumo katika sinema fundi wa nyaya za umeme ambaye akiba yake ya uzeeni ilikuwa imepita dola 300,000. Mwisho aliiuza kwa dola 1,200. Roger Ebert, mhakiki wa sinema wa Chicago, aliandika kwamba hii si habari ya siasa bali ya uhalifu, na kwamba mtu wa siasa yoyote ataghadhibika. Mwaka 2006 mahkama iliwaona wote wawili wana hatia. Lay alifariki kabla ya kupewa adhabu, na kwa hiyo hukumu yake ikafutwa. Skilling alifungwa hata mwaka 2019.

Basi wako wasemao: "Wachache walikuwa waovu, nao wamekwisha adhibiwa." Sisi hatukubali. Katika sinema hiyo hiyo zasikika sauti za makarani wa kuuza umeme, zilizonaswa katika simu wakati California ilipokuwa gizani. Wawaambia wenye mitambo watafute sababu ya kuizima, ili bei ipande, kisha wacheka. Hao hawakuwa wakubwa. Walikuwa vijana wenye elimu, watoto wa watu, na walicheka kwa sababu pale kazini dhuluma ilikwisha kuitwa werevu. Tena walikuwako wakaguzi wa hisabu waliopitisha vitabu, na mabenki yaliyokopesha. Sherron Watkins, mmoja wa maofisa wa kampuni, alimwandikia Lay katika Agosti 2001 kumwonya. Onyo lake halikuiokoa kampuni.

Imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) alipita sokoni akatia mkono katika chungu ya nafaka. Juu ilikuwa kavu, na chini vidole vikapata majimaji. Mwenye mali akasema ni mvua. Mtume akamwuliza mbona hakuiweka juu ile iliyolowa, watu wakaiona. Akabainisha kuwa mwenye kudanganya si katika wafuasi wake. Vitabu vya Enron vilikuwa chungu ile ile: faida juu, madeni chini.

Ndugu msomaji, kuwalaani watu wa Houston ni jambo jepesi. Lililo zito ni kutazama kinachosifiwa nyumbani mwetu. Kijana akirudi na chenji zaidi ya haki yake kwa kuwa mwenye duka amekosea kuhesabu, nasi tukacheka na kumwita mjanja, tumekwisha mpa somo la kwanza la makarani wale. Akili humwonyesha mtu lililo sawa. Ujanja humwonyesha njia ya kulikwepa. Yafaa mzazi amrudishe mtoto dukani jioni ile ile, fedha mkononi, hata zikiwa senti chache, kabla hajapewa amana iliyo kubwa zaidi.