Somo la Redio: Kiwanja cha Mtu wa Kipato Kidogo

Kaeni karibu na redio, na kila mmoja ashike kalamu yake, maana leo kuna hesabu kidogo. Somo letu ni habari ya viwanja vya kujenga nyumba, na jinsi kanuni za serikali za mitaa zinavyoweza kumsaidia mtu wa kipato kidogo kupata mahali pa kukaa.

Ninyi mlioko Lushoto, Soni, Mlalo na Bumbuli mnajua kwamba milima ya Usambara ina watu wengi, na mahali pa tambarare ni haba. Penye mteremko mkali mvua huchukua udongo. Kando ya mto nako, sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inataka tuache mita 60 toka ukingoni. Basi, mahali pema pakiwa haba, wenye fedha hununua kwanza. Je, fundi seremala na mama anayeuza mboga sokoni watajenga wapi?

Haya, tufanye hesabu. Ekari moja ni karibu mita za mraba 4,000. Tuseme 1,000 zimetengwa kwa barabara na mifereji. Zimebaki 3,000. Tukikata viwanja vya mita za mraba 1,500, tutapata viwili tu. Tukikata vya 500, tutapata sita. Tena gharama ya kupima ardhi na kutengeneza barabara ni nyepesi ikibebwa na watu sita kuliko ikibebwa na wawili.

Kwa sababu hiyo kanuni za mipango miji zinataja aina tatu za viwanja vya makazi: vidogo, vya kadiri na vikubwa. Halmashauri inapopanga eneo jipya, huamua ni sehemu gani iwe ya viwanja vidogo. Uamuzi huo humfungulia maskini mlango, au humfungia.

Njia hii si ngeni. Tangu mwaka 1974 serikali, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ilipima viwanja vya namna hii Dar es Salaam, Mwanza na Mbeya. Tangu 1977 miji mingine ikaongezwa, na Tanga ikiwamo. Serikali ilileta barabara na maji; mwananchi akajenga mwenyewe, kidogo kidogo. Wengi walipata nyumba. Lakini viwanja vingine viliishia mikononi mwa watu wenye uwezo. Hapo tunajifunza kwamba udogo wa kiwanja peke yake hautoshi. Lazima pia pawe na masharti juu ya nani apewe.

Uingereza wana njia nyingine. Kwa sheria ya mwaka 1990, halmashauri yaweza kupatana na kampuni inayotaka kujenga nyumba nyingi kwamba sehemu ya nyumba hizo iwe ya bei nafuu, ndipo ipewe ruhusa.

Kwetu Tanzania, Sheria Namba 7 ya mwaka 1982 inaipa halmashauri ya wilaya uwezo wa kutunga sheria ndogo. Kabla hazijaanza kutumika, wananchi hutangaziwa ili watoe pingamizi lao, kisha Waziri huziidhinisha. Asiyejua kusoma hupita mbele ya tangazo kama apitavyo mbele ya ukuta mtupu. Wewe sasa unajua kusoma. Basi simama, usome, uwaeleze jirani zako, kisha mwende mkutanoni mkamwulize diwani wenu: Viwanja vidogo ni vingapi? Bei yake ni nini? Nani atapewa kwanza? Na ukilipa fedha yoyote, dai risiti, uisome kabla hujaiweka mfukoni.

Maswali ya kujibu katika daftari:
1. Ekari mbili zilizopangwa kama tulivyofanya zitatoa viwanja vingapi vya mita za mraba 500?
2. Kwa nini kiwanja kidogo peke yake hakimlindi maskini?
3. Andika swali moja utakalomwuliza diwani wako.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.