Mama aliyeingia Luzira akiacha mtoto wa mwaka mmoja

Usiku wa Julai 2000 jijini Kampala, mwanamume alikatwa kwa panga akiwa chumbani kwake na kufariki dunia. Mwenzi wake, Susan Kigula, aliyekuwa na umri wa miaka 21, alikutwa na jeraha shingoni. Alisema walivamiwa usingizini na watu asiowajua. Polisi hawakuamini. Yeye na msichana wa kazi za ndani walikamatwa, na binti yake wa mwaka mmoja akabaki kwa ndugu.

Kesi hiyo imeonyeshwa sana kwenye televisheni, ikiwamo CNN ya Marekani, na hadi leo vipande vyake huzunguka kwenye simu. Wengi hukumbuka sehemu ya mwisho tu: mwanamke aliyesoma sheria akiwa gerezani na kutoka nje akiwa huru. Katikati yake kuna mambo ambayo mzazi wa Mwanga, Ujiji au Kibirizi akiyajua yatamfaa zaidi kuliko huo mwisho wenye makofi.

La kwanza ni mtoto. Shahidi aliyetikisa kesi alikuwa mtoto wa kiume wa marehemu, ambaye Kigula alikuwa mama yake wa kambo. Siku ya tukio alikuwa na umri wa miaka mitatu hivi. Mahakamani alisema aliwaona mama huyo na msichana wa kazi wakifanya kitendo kile. Upande wa utetezi ulihoji mtoto wa umri ule angeweza kukumbuka nini, na kama hakuwa amefundishwa na watu wazima. Mahakama Kuu ikawatia hatiani wote wawili mwaka 2002. Kwa sheria ya Uganda ya wakati huo, jaji akishaona mtu ameua kwa kukusudia hakuwa na adhabu ya kuchagua. Ni kunyongwa, basi.

Kigula akapelekwa gereza la wanawake Luzira. Hofu ya humo haikuwa ya kufikirika. Aprili 1999, mwaka mmoja tu kabla ya kukamatwa kwake, wafungwa 28 walikuwa wamenyongwa Luzira. Akaanza kuimba kwaya na kurudi kwenye vitabu. Alisoma masomo ya sekondari humo humo, akawahimiza wenzake wasome, kisha akasomea sheria kwa masafa katika Chuo Kikuu cha London kupitia msaada wa shirika la African Prisons Project.

Mwaka 2003 jina lake likawa la kwanza kwenye shauri la wafungwa 417 waliohukumiwa kifo, wakipinga adhabu hiyo katika Mahakama ya Katiba. Hawakuwa wakisema wote hawakuua. Walisema haiwezekani sheria imfunge jaji mikono asiangalie umri wa mtu, mazingira ya tukio wala watoto aliowaacha nyumbani, na kwamba kukaa miaka mingi ukisubiri kitanzi ni mateso yenyewe.

Juni 2005 walishinda. Serikali ikakata rufaa. Januari 21, 2009, Mahakama ya Juu ikasema hivi: adhabu ya kifo yenyewe inabaki halali, lakini kumlazimisha jaji kuitoa kwa kila muuaji ni kinyume cha Katiba. Waliokuwa wamemaliza rufaa zote na kusubiri zaidi ya miaka mitatu wakabadilishiwa kuwa kifungo cha maisha. Wengine wakarudishwa Mahakama Kuu wajieleze upya kuhusu adhabu. Kigula alikuwa miongoni mwa waliorudishwa, na mwaka 2011 akapewa miaka 20. Ukiondoa msamaha wa kawaida wa wafungwa, alitoka Januari 2016. Binti yake alikuwa tayari msichana mkubwa.

Hapo ndipo televisheni huharakisha. Watazamaji wengi huondoka wakiamini mahakama ilisema hakuua. Haikusema. Kigula amesema tangu siku ya kwanza kwamba hana hatia, lakini kilichobadilika ni adhabu, na hatia ilibaki palepale. Kwa sheria hizo ni hoja mbili tofauti, na familia inayofuatilia rufaa ya ndugu yao inapaswa kumuuliza wakili mapema: tunapinga hatia, tunapinga adhabu, au vyote?

Na yupo yule mtoto wa kiume. Alimpoteza baba, akasimamishwa mbele ya watu wazima akihojiwa, kisha akakua huku dunia ikimshangilia mtu aliyemtaja mahakamani. Ama alisema kweli, ama watu wazima walimtumia, na kwa vyovyote vile mzigo ni wake. Katika sherehe zote za 2016 ni wachache waliomkumbuka.

Je, ingetokea upande huu wa Ziwa Tanganyika? Tanzania bado ina kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu: anayetiwa hatiani kwa mauaji ya kukusudia huhukumiwa kunyongwa, na jaji hana nafasi ya kupima. Mjamzito hupewa kifungo cha maisha, na aliyetenda kosa akiwa chini ya miaka 18 hahukumiwi kifo. Mwaka 1994 Jaji James Mwalusanya, katika kesi ya Mbushuu Mnyaroje, alitamka adhabu ya kifo kuwa ni kinyume cha Katiba, lakini mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ikasema ni halali. Kenya ilifuata njia ya Uganda mwaka 2017 kupitia kesi ya Francis Muruatetu. Novemba 2019, Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha iliamua katika kesi ya Ally Rajabu na wenzake kwamba kumnyima jaji nafasi ya kuchagua kunavunja haki ya kuishi. Kwa Tanzania, mara ya mwisho mtu kunyongwa ni 1994. Hukumu zinaendelea kusomwa, na wafungwa wanasubiri.

Kuhusu mtoto shahidi, Sheria ya Ushahidi, iliyorekebishwa 2016, inaruhusu mtoto asiyezidi miaka 14 kutoa ushahidi bila kiapo, lakini kwanza aahidi kusema kweli na si uongo. Inaonekana jambo dogo. Hata hivyo Mahakama ya Rufani imewahi kuutupa ushahidi wa watoto kwa sababu ahadi hiyo haikuandikwa kwenye kumbukumbu. Mzazi ambaye mwanawe ameitwa shahidi asimkaririshe maneno. Mtoto aliyekaririshwa hugundulika akiulizwa swali la pili, na kesi ya kweli huharibika hapo hapo. Amzoeshe tu kujua kwamba mahakamani unasema ulichokiona, na usichokijua unasema hukijui.

Kwa miaka mingi mkoa wa Kigoma ulikuwa chini ya Mahakama Kuu Kanda ya Tabora, zaidi ya kilomita 400 kwa reli. Sasa Mahakama Kuu ina jengo lake Kigoma mjini, na familia inaweza kuulizia faili la ndugu yao bila kupanda treni. Mshtakiwa wa mauaji asiye na uwezo huwekewa wakili kwa gharama za Serikali, ila wakili huyo hawezi kujua jina la jirani aliyesikia kelele usiku kama ndugu hawakumpelekea.

Hukumu ikishasomwa, saa huanza kuhesabu. Notisi ya kukata rufaa kwenda Mahakama ya Rufani huwasilishwa ndani ya siku 30. Aliye gerezani huikabidhi kwa mkuu wa gereza, naye huipeleka mahakamani. Siku ya kwanza ya kumtembelea, kabla ya kumuuliza kama amekula, ndugu amuulize kama ameshatia saini karatasi hiyo.