Pikipiki ya Marehemu Baba

Ndugu msomaji, huenda hata nyumbani kwako kuna pikipiki ya zamani. Imeegemea ukuta wa ghala. Kuku wanalala juu ya kiti chake. Kila apitaye anasema, "Lile ni chuma chakavu tu, liuzwe." Hata sisi tulisema hivyo.

Sisi ni ndugu wanne. Tunaishi na mama yetu katika kijiji kimoja cha Milima ya Uluguru, mkoa wa Morogoro. Baba yetu aliacha Honda CG125. Aliinunua mwaka 1984 ikiwa imekwisha kutumika. Pikipiki hiyo ilimpeleka mama zahanati usiku alipotaka kumzaa mdogo wetu wa mwisho. Ilibeba ndizi na mboga mpaka sokoni. Baba alipofariki mwaka 2016, tuliiweka ghalani. Mnunuzi wa chuma chakavu alipokuja mwaka 2023, mama alikataa. Alisema, "Kwanza tuhesabu. Kama haitengenezeki, basi iende."

Basi tulihesabu. Leo tunaeleza tulivyofanya, na kosa tulilofanya, ili wewe usilirudie.

Tulianza na daftari

Mama ni mhitimu wa kisomo. Alichukua daftari, akaligawa kurasa. Ukurasa wa kwanza aliandika fedha tulizokuwa nazo: shilingi 380,000. Ukurasa wa pili, vitu vibovu. Ukurasa wa tatu, vitu vizima. Kila nati na bolti tulizofungua tulizitia katika makopo, na juu ya kila kopo tukaandika: "breki ya mbele", "injini kushoto", na kadhalika. Usitegemee kichwa. Leo unakumbuka, baada ya mwezi umesahau.

Kisha tukatazama fremu. Tuliisugua kutu kwa brashi ya waya, tukatafuta nyufa, hasa penye maungio. Fremu ikipasuka vibaya, au gamba la injini likivunjika, hesabu upya. Huenda gharama zikazidi faida. Yetu ilikuwa nzima.

Pikipiki ni ya nani?

Hapa ndipo palipokuwa na ugomvi. Kaka mkubwa alisema ni yake kwa sababu ni mkubwa. Mdogo wetu alisema ni yake kwa sababu anajua kuiendesha. Tungetia fedha zetu humo bila kuelewana, tungeishia barazani kwa balozi.

Tukaitisha kikao cha ukoo. Wajomba na baba wadogo walikuja. Muhtasari uliandikwa, wote wakatia sahihi. Tukaupeleka Mahakama ya Mwanzo pamoja na cheti cha kifo, na mahakama ikamteua mama kuwa msimamizi wa mirathi. Baada ya hapo ndipo tukaenda ofisi ya Mamlaka ya Mapato (TRA) kushughulikia kadi. Kadi ina namba ya injini, namba ya fremu na rangi. Tulizilinganisha na zile zilizopigwa kwenye chuma. Nawe linganisha kabla ya kutoa hata shilingi moja.

Kwa nini CG125 inafufuka

Kampuni ya Honda ilitoa pikipiki hii mwaka 1976. Injini yake ni rahisi. Vali zake husukumwa na vijiti virefu, wala hakuna mnyororo wa vali ndani ya injini. Iliundwa ivumilie barabara mbovu na matunzo madogo. Tena, pikipiki nyingi za Kichina zilizo katika barabara zetu zina injini iliyoigwa kwa hii. Kwa hiyo vipuri vingi vya pikipiki hizo vinaingia kwenye CG125, na bei yake ni nafuu.

Lakini angalia! Vingi, si vyote. Nenda dukani na kipuri cha zamani mkononi. Weka cha zamani na kipya sambamba. Pima matundu, hesabu meno. Jambo jingine ni umeme. Yetu ni ya zamani, umeme wake ni wa volti 6. Pikipiki za sasa zina volti 12. Balbu ya volti 12 ukiitia kwenye volti 6 itawaka kama kibatari. Ile ya volti 6 ukiitia kwenye volti 12 itaungua.

Breki kwanza, rangi mwisho

Mdogo wetu alitaka tuanze na rangi nyekundu na honi kubwa. Alisema, "Watu waone kwanza kwamba imefufuka!" Tukabishana siku mbili. Mama akamaliza kwa neno moja: "Rangi haisimamishi pikipiki mteremkoni." Kwetu ni milimani, ndugu msomaji. Mteremko mmoja ni kilomita nzima.

Tukaanza na breki. Vumbi lililomo ndani ya breki za zamani usilipulize kwa mdomo. Huenda lina asbesto, na asbesto huharibu mapafu. Lipanguse kwa kitambaa chenye maji, kisha kitupe kitambaa hicho. Viatu vya breki vilikuwa vimekwisha, tukaweka vipya mbele na nyuma. Tairi zilikuwa na nyufa. Tairi yenye nyufa hata kama ina meno usiiamini. Tukabadilisha zote mbili na tyubu zake. Tukaweka waya mpya wa breki ya mbele, wa klachi na wa mafuta. Tukashika gurudumu na kulitikisa kushoto na kulia. Likicheza, beringi zimekufa. Zetu zilikuwa nzima.

Tangi na injini

Tangi lilijaa kutu. Tulimwaga petroli yote ya zamani mbali na jiko na sigara. Tukatia siki na nati 20, tukatikisa, tukaacha usiku na mchana. Nati zihesabu zikiingia na zikitoka, maana moja ikibaki itakusumbua. Kisha tukasuuza kwa maji yenye magadi kidogo, tukakausha juani, tukapaka oili ndani kutu isirudi.

Injini ilikuwa imekwama. Mdogo wetu alitaka kupiga kiki kwa nguvu. Tukamzuia, maana angevunja kitu. Tulifungua plagi, tukamimina dizeli iliyochanganywa na oili kwenye tundu lake, tukasubiri siku nne. Tukasukuma kiki polepole kwa mkono. Ikalegea!

Sasa ndipo tulipokosea. Kaka mkubwa alikwenda mjini na kununua pistoni mpya ya milimita 56.5, ambayo ndiyo saizi ya kwanza ya CG125. Tulipoiingiza, ilicheza kama mchi kwenye kinu. Kumbe silinda ilikwisha kuchongwa zamani, tena ilikuwa imelika. Muuzaji akakataa kuirudisha. Shilingi 30,000 zikapotea hivyo. Fundi akatuambia, "Mama, silinda hupimwa kwanza, pistoni hununuliwa baadaye." Saizi za kuchonga huongezeka kwa milimita 0.25, kisha 0.50, kisha 0.75, mwisho 1.00. Yetu ilihitaji 0.75. Tukanunua pistoni ya saizi hiyo, na fundi akachonga silinda kuifuata.

Vitu vingine vilikuwa vidogo. Tulisafisha kabureta na platini. Plagi mpya tuliiachia nafasi ya milimita 0.6. Vali tulizipima injini ikiwa baridi: nafasi ni milimita 0.08. Oili ni kiasi cha lita moja, nayo huwekwa ndani ya injini tu. Pikipiki hii haichanganywi oili na petroli kama zile zinazolia "tatata" za zamani.

Ilipowaka tulitazama moshi. Moshi wa buluu maana yake injini inakula oili. Moshi mweusi maana yake petroli imezidi. Yetu ilitoa moshi kidogo wa oili ya siku nyingi, kisha ukakatika. Mama alitoka jikoni akasimama kimya. Sauti ilikuwa ileile.

Kuigeuza ifae kazi yetu

Fedha iliyobaki ilikuwa ndogo. Hatukununua honi kubwa. Tulichukua vyuma vya kitanda kibovu, fundi akatuchomelea keria pana ya kubebea matenga. Tangi tuliling'oa kabla ya kuchomelea, tukaliweka mbali. Hata tangi tupu lina mvuke wa petroli, nao hulipuka. Fremu hatukuikata wala kuitoboa. Bomba la moshi hatukulitoboa. Kelele haiongezi nguvu. Raba ya tairi kuukuu tuliifanya kizuia matope. Kiti tulikishona wenyewe.

Rangi ilikuwa ya mwisho. Tulipiga msasa mpaka chuma, tukapaka rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, halafu mikono miwili ya buluu. Buluu ndiyo iliyoandikwa kwenye kadi. Ukitaka kubadili rangi, au injini, nenda TRA ukaandikishe.

Hesabu zetu

Tairi 2: 110,000
Tyubu 2: 16,000
Viatu vya breki, jozi 2: 14,000
Waya 3 na balbu: 15,000
Pistoni na ringi: 30,000
Pistoni iliyopotea: 30,000
Kuchonga silinda: 25,000
Gasketi: 8,000
Plagi: 4,000
Oili: 10,000
Mnyororo na sproketi: 35,000
Fundi: 50,000
Kuchomelea keria: 15,000
Rangi na msasa: 18,000
Jumla: 380,000

Hizo ni bei tulizolipa sisi. Kwako huenda zikawa nyingine. Uliza maduka mawili au matatu, uandike.

Wiki ya pili mdogo wetu alikuwa akishuka na matenga mawili ya kabichi. Penye kona ya shule mtoto alikatiza mbio akifuata mpira wa matambara. Breki zikashika. Kabichi zilimwagika, mtoto akaenda zake na mpira wake. Jioni mdogo wetu alimwambia mama, "Mama, ile honi niliyoitaka, nisamehe."

Sasa pikipiki ni ya nyumba nzima. Kila safari huandikwa katika daftari lilelile, na sehemu ya nauli huwekwa akiba ya oili na tairi.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi
1. Kwa nini tulianza na kikao cha ukoo kabla ya kununua vipuri?
2. Tulipoteza shilingi 30,000. Tungefanya nini tusizipoteze?
3. Katika hesabu zetu, ni shilingi ngapi zilitumika kwa tairi, tyubu, breki, waya na balbu? Jumlisha mwenyewe.
4. Nyumbani kwako kuna kifaa gani cha zamani kinachoweza kufufuliwa? Utaanza na nini?