Mtafutaji Huchoka

Wazee wetu wana msemo: mtafutaji hachoki, akichoka keshapata. Maneno matamu hayo, na wengi wayasemao ni wenye mshahara mwisho wa mwezi. Lakini msomaji akipanda Bonde la Ufa, akasimama alfajiri Naivasha mbele ya lango la shamba la maua, atawaona watafutaji wamechoka na hawajapata.

Wa kwetu pwani nao wamo. Reli iliyoanzia Mombasa ilifika Nakuru mwaka 1900, na tangu hapo njia ya kwenda kutafuta riziki bara haijafungwa. Kijana akimaliza shule humwendea ami yake huko, na bahasha ya kaki yenye vyeti mkononi. Langoni mlinzi humwambia, "Hakuna kazi." Mwezi wa kwanza hucheka. Mwezi wa sita huacha kupiga pasi shati lake. Mwaka wa pili huona haya kula kwa ami, akawa harudi nyumbani mpaka watu wamekwisha kula. Hapo ndipo penye hatari. Njaa mtu huizoea. Haya humla ndani kwa ndani.

Na haya hiyo ina asili yake. Enzi za walowezi, katika Bonde hilo kazi ndiyo iliyomwandama mtu. Kodi ya nyumba na ya kichwa ikamtoa kwake. Kipande, kilichowekwa kwa sheria ya mwaka 1915, akakivaa shingoni ndani ya kibati. Aliyeondoka shambani bila ya sahihi ya bwana wake hakupata kuandikwa kwengine. Asiyetaka kuchuma pareto ya mlowezi akaitwa mvivu. Walowezi wamekwenda, tusi limebaki, na sasa hutupiwa yule aitafutaye kazi asiipate.

Hebu tutazame yaliyotokea. Mwaka 1964, Uhuru ukingali mchanga, Serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi walipatana: Serikali iongeze watu kazini kwa asilimia 15, na makampuni kwa asilimia 10. Walipoitwa wasio na kazi waje waandikishwe, walijitokeza watu wapatao laki mbili, na wengi wao hawakupata. Je, wote hao walikuwa wavivu? Mwaka 2014 kiwanda cha betri za Eveready mjini Nakuru kiliacha kutengeneza betri, kwa kushindwa na bidhaa rahisi za kutoka nje. Machi 2020, maradhi ya korona yalipoyavunja masoko ya maua ya Ulaya, wafanyakazi wa Naivasha walirudishwa majumbani kwa maelfu. Jana walikuwa watu wa bidii, leo wamekuwa nini?

Basi kijana asiambiwe asichoke. Na achoke, lakini kwa mpango. Siku ya Muislamu imekwisha gawanywa tangu zamani. Baada ya Alfajiri azunguke na vyeti vyake. Adhuhuri imsimamishe, aswali, anywe maji, apumzike. Alasiri asibishe tena mlango wa mtu. Ashike chochote chenye shilingi ndani yake: kupakua magunia ya viazi na karoti sokoni, kushika spana kwa fundi wa jua kali, kuwasomesha watoto wa jirani hesabu. Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 1972 juu ya Kenya ndiyo iliyowafumbua macho wakubwa waone kwamba vibarua kama hivyo, visivyoandikwa popote, ni kazi. (Mafundi wenyewe walikuwa wakijua siku nyingi.) Hadithi ya Mtume (S.A.W.) ya mtu na kamba yake ya kuni kila mtoto wa chuoni ameisikia. Kamba ile haikuwa na cheo wala pensheni.

Ami naye ana sehemu yake. Asimpokee kijana kila jioni kwa kumwuliza, "Umepata?" Amwulize amefika wapi, amekutana na nani. Na chakula chake kisifunikwe jikoni. Kiwekwe kwenye sinia pamoja na cha wenziwe, na wamngoje.